Kitimoto cha Goa

Nilikuwa nasoma Pune, India, na mwezi Mei mmoja rafiki yangu wa darasani akanichukua kwao Goa, jimbo la pwani ya magharibi ya India. Ijumaa mama yake akatubeba hadi Mapusa, kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku ya gulio lenyewe. Kina mama wamekaa na mizigo yao ya chouriço, soseji za nguruwe zilizofungwa kwa uzi moja baada ya nyingine kama rozari. Nyekundu iliyokolea, na harufu ya siki na moshi inakufikia kabla hujaziona.

Mimi ni mtu wa Moshi, nguruwe namjua. Lakini kitimoto chetu ni cha kukaanga, ndizi na pilipili pembeni, na soseji nilizozizoea ni zile za pinki za supamaketi, ambazo hadi leo sijui ndani zina nini. Hizi vipande vya nyama na mafuta unaviona kwa macho kupitia utumbo. Mama akawa anabonyeza moja moja. Zilizokuwa laini alizirudisha: bado hazijakauka, mvua zikianza zitaoza. Mwezi Juni masika ya kule yakija, bahari inachafuka na samaki wanaadimika, kwa hiyo Mei kila nyumba inajaza stoo: samaki wakavu, pilipili, chouriço.

Nyumbani tulimkuta bibi wa rafiki yangu barazani. Kusikia natoka Tanzania, akakaa wima. "Karibu, mwanangu. Kariakoo bado iko makelele?"

Nilibaki mdomo wazi, kisha nikakumbuka adabu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba!" Akacheka mpaka akakohoa. Mumewe alikuwa karani serikalini Dar, enzi za Mwingereza, na walirudi Goa miaka kadhaa baada ya Uhuru. Mjukuu wake hakuwa amewahi kumsikia akisema neno la Kiswahili.

Akanivuta jikoni. Nyama, akasema, inakatwa vipande vidogo, inatiwa chumvi na kukamuliwa maji. Halafu pilipili nyekundu kavu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari, pilipili manga, karafuu na mdalasini vinasagwa kwa siki. Nyama inalala humo, ndipo inajazwa kwenye utumbo, inaanikwa juani na kupigwa moshi. Siki yenyewe ni ya tembo la mnazi lililoachwa likachachuka. "Dar tembo ilikuwa nzuri," alisema. "Mimi nilikuwa natundika chouriço juu ya jiko ya mkaa. Jirani wananuna, lakini wananusa."

Wareno waliiteka Goa mwaka 1510 na hawakutoka hadi Desemba 1961, jeshi la India lilipowaondoa. Soseji yao kule Ureno hutiwa divai. Goa kulikuwa na minazi. Hata pilipili walikuja nayo wao, asili yake Amerika. Shuleni tulikaririshwa Fort Jesus, Mombasa, 1593, lakini sikumbuki kuambiwa kwamba amri zilikuwa zinatoka Goa.

Mama alizikata chouriço uzi, akazitia sufuriani na maji kidogo, vitunguu na viazi, bila tone la mafuta. Baada ya muda mafuta mekundu yalijitokeza yenyewe yakafunika kila kitu. Tulichovya kwa poee, mkate wao wa mviringo wenye pumba juu. Uchachu unatangulia, pilipili inafuata, karafuu inabaki kooni. Viazi ndivyo vilivyonimaliza: vilikuwa vimenyonya kila kitu.

Bibi alinifungia mkufu mmoja wa chouriço kwenye gazeti. Pune mwenye nyumba wangu hakuruhusu nyama ndani, basi nikaupeleka kwa vijana wa Kikongo waliokuwa na jiko lao. Tukaupika na viazi, tukasonga ugali. Mmoja akasema chumvi imezidi, mwingine akataka kuongeza nyanya, nikamkatalia katakata. Walipokuwa bado wanabishana, mimi nilikuwa nimeshafika kwenye viazi.