Neno «free» katika kijitabu cha hoteli

Usiku huu nimekaa na kijitabu cha hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, ambacho nimepewa nikitoe katika Kiingereza na kukitia katika Kirusi kabla msimu wa wageni haujaanza. Kazi za namna hii zimekuwa nyingi kisiwani tangu wakati wa korona, pale nchi nyingi zilipofunga mipaka na ndege za kukodi zikawa zinashusha Warusi Zanzibar kwa wingi, nasi tuliosoma Moscow tukajikuta tunatafutwa kwa lugha ambayo wengi wetu tulikuwa tumeanza kuisahau. Kijitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza chepesi. Neno linalonichelewesha ni moja tu, nalo ni fupi: «free». Limetokea karibu kila ukurasa, na kila linapotokea linataka neno jingine la Kirusi.

Kurasa za mwanzo hazikunipa tabu kubwa. Intaneti ni ya bure na watoto wadogo hawalipiwi kitanda, kwa hiyo hapo nimeandika «besplatno», neno lililoundwa kwa kuunganisha «bila» na «malipo», wala halina fumbo lolote. Hatari iko kwa mtu anayetegemea kamusi peke yake, kwa kuwa kamusi nyingi huanza na «svobodny», yaani huru, na kibao kilichoandikwa «svobodny Wi-Fi» humfanya Mrusi ajiulize kama mtandao huo uko wazi au haujashikwa na mtu. Svobodny ndilo neno analouliza mtu anapotaka kukaa kwenye kiti cha treni: «Zdes svobodno?», akimaanisha hapa hapana mtu? Ndilo pia analotumia mkuu wa ofisi anapomwambia aliyesimama mbele yake «Vy svobodny», ambalo kwa kwetu ni kusema basi, unaweza kwenda. Besplatno nalo nimelipunguza kila nilipoweza, kwa sababu Warusi wana msemo kuwa jibini ya bure hupatikana kwenye mtego wa panya tu, na mgeni akisoma bure, bure, bure katika ukurasa mmoja ataanza kutafuta mtego uko wapi.

Kuna neno la tatu, «darom», ambalo sikulitumia lakini limenipendeza kulifikiria. Darom ni kupata kitu bila kulipa, na papo hapo ni kufanya jambo bila mafanikio, kama sisi tunavyosema amepewa bure na amejisumbua bure. Ulinganifu huo hauishii hapo. Mrusi akiona jambo lina sababu iliyofichika husema «nedarom», na Mswahili akiona jirani anapita mlangoni kwake mara kwa mara husema si bure, ana lake jambo. Sijui mfano mwingine wa lugha hizi mbili kukutana kwa ukaribu namna hii, ilhali Kiingereza, kilichokuwa mkononi mwangu kama chanzo, kimebaki nje kabisa.

Mengine yenye «free» ndani yake kwa Kiingereza nimeyapita haraka. Chumba kisichovutwa sigara kwa Kirusi ni chumba cha wasiovuta, na mayai ya kuku wasiofungiwa yana jina lake la kibiashara, «svobodnogo vygula», lenye maana ya kuku waliolelewa kwa kutembea huru. Niliposimama kidogo ni kwenye sentensi inayomkaribisha mgeni aulize chochote mapokezi, ile ambayo Waingereza huianza kwa «feel free». Siku hizi nasikia hata kwetu watu wakisema jisikie huru kuuliza, na kila nikiisikia naona Kiingereza kimelala chini yake, kwani wazee wetu walisema usione haya. Mrusi vilevile husema «ne stesnyaytes», usione haya, na nimefurahi kuiandika bila kugusa neno uhuru hata kidogo. Katika mpira, ambao hauhusiani na kijitabu hiki, mambo ni hayo hayo: pigo ambalo Mwingereza analiita la huru, Mrusi huliita «shtrafnoy», la adhabu, kama watangazaji wetu wanavyosema adhabu ndogo, ingawa Mrusi amebakiza neno svobodny kwa lile pigo ambalo mpira lazima uguswe na mchezaji mwingine kabla ya kuingia golini.

Ninapotaka kuona mgawanyo wa maana hizi katika maandishi yaliyopimwa kwa uangalifu mkubwa, huwa narejea Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948. Kiingereza kinasema katika kifungu cha 1 kwamba binadamu wote huzaliwa «free», na katika kifungu cha 26 kwamba elimu ya msingi itakuwa «free», bila msomaji kuonywa kuwa neno limebadilika. Kirusi kinasema svobodny katika kifungu cha kwanza na besplatny katika kile cha 26, na Kiswahili kinasema huru na bure. Mtu anayetoka Kiswahili kwenda Kirusi amekwisha kugawanyiwa kazi nusu. Anayetoka Kiingereza lazima aigawe mwenyewe.

Kaulimbiu ya hoteli ndiyo iliyokataa kugawanyika. Imeandikwa kwa herufi kubwa juu ya picha ya bahari, ikisema bahari hapa ni «free». Nilimpigia mwenye hoteli nikamuuliza, «Shikamoo mzee, hapa umekusudia bahari ni ya bure au bahari iko huru?» Akaitikia marahaba, akafikiri kidogo, akasema, «Yote mawili, mwanangu.» Jibu lake ni la haki, kwa sababu kwa Kiingereza yote mawili yamo. Kwa Kirusi, bahari ikiwa svobodno itaonekana haina watu, na ikiwa besplatno itaonekana kwingineko hutozwa ada. Limebaki neno «volny», linalotoka kwenye «volya», uhuru usio na mpaka, uhuru wa upepo na wa uwanda, ambao Warusi hawauchanganyi na svoboda, uhuru wa sheria na wa raia. Bahari inaweza kuwa volny. Malipo hayamo humo, kwa hiyo nimeyaandika katika sentensi ya pili, fupi, chini ya ya kwanza. Dada mmoja Mrusi anayeishi Paje, ambaye hunisomea kazi kabla sijaipeleka, ameikubali.

Kisha nimefika ukurasa wa ziara ya Mji Mkongwe, na hapa ndipo nilipoweka kalamu chini. Kijitabu kinampeleka mgeni Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa, halafu Mbweni, ambako kinasema watumwa waliofanywa «free» walianza maisha mapya, na kinamalizia kwa kusema kwamba kufikia mwaka 1897 wote walikuwa «free». Kwa Kiingereza sentensi hizo zinateleza. Kirusi kinakataa kuzipokea mpaka kijue nani alimfungua nani, na kwa njia gani.

Soko lilifungwa mwaka 1873, Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alipotia saini mkataba ambao Waingereza walimshinikiza aukubali. Mbweni ni habari nyingine: wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati, walinunua shamba huko mwaka 1871, wakawaweka watu walioshushwa kutoka majahazi yaliyokamatwa baharini na manowari za Kiingereza. Hao wanaitwa «osvobozhdyonnye», waliofunguliwa na mkono wa mtu mwingine, na kitenzi chenyewe kimeonyesha hivyo. Kirusi kina umbo la pili, «osvobodivshiesya», la waliojifungua wenyewe, na kulitumia kwa watu wa Mbweni kungekuwa kuwasimulia vibaya.

Walikuwapo pia walioachwa huru na mabwana zao kwa kutaka thawabu, desturi ya zamani katika pwani yote ya Waislamu. Kwa hao Kirusi kina neno lenye uzito wake, «volnaya», hati ambayo bwana wa Urusi alimpa mtu wake aliyefungwa na ardhi, kabla mfalme wao, Tsar Alexander II, hajakomesha mfumo huo mwaka 1861. Taras Shevchenko, mshairi na mchoraji wa Ukraine, alikombolewa namna hiyo mwaka 1838 kwa rubo 2,500, zilizopatikana kwa bahati nasibu ya picha ya mshairi Zhukovsky iliyochorwa na Karl Bryullov. Msomaji wa Kirusi akikutana na volnaya katika habari za Unguja ataelewa mara moja kwamba ni karatasi na kwamba ilitegemea moyo wa aliyeitoa, na hilo nimelitaka alione.

Mwaka 1897 hauingii katika neno lolote kati ya hayo. Sheria ya mwaka ule, ya wakati wa Sultan Hamoud bin Mohammed, ilifuta hadhi ya utumwa mbele ya mahakama, lakini mtumwa ilimbidi aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na bwana akalipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909. Kwa hiyo kuandika kwamba wote walikuwa svobodny si tafsiri yenye kasoro tu, ni habari isiyo kweli, na ninaona uchungu kuiweka mbele ya mgeni ambaye atasimama Mkunazini akiiamini, katika mji ambao wajukuu wa watu wale wanauza madafu na kuongoza watalii.

Nimeifuta sentensi ya kijitabu na kuandika upya. Wa Mbweni wamebaki osvobozhdyonnye, walioachwa na mabwana zao wameitwa waliopokea volnaya, na wa mwaka 1897 nimewaandika «lyudi, dobivshiesya svobody cherez sud», watu walioutafuta uhuru wao mahakamani wakaupata kwa jitihada, pamoja na sentensi moja kuhusu masuria na mwaka 1909. Kesho asubuhi nitampelekea mwenye hoteli ukurasa huo, na nitamwomba airekebishe na ya Kiingereza kabla havijachapwa pamoja.