Upelelezi wa Longwood: nilianzia jikoni

Ushauri niliopewa na wengi ulikuwa huu: ukitaka kujua Waingereza walivyomchunga Napoleon, mfalme wa Ufaransa aliyeondolewa madarakani, kule kisiwani Saint Helena alikofungwa, soma barua za gavana Hudson Lowe kwa waziri wake Bathurst, inatosha. Haitoshi hata kidogo. Zile ni barua za mtu anayejieleza kwa mkubwa wake. Mimi nilianza na watumishi, na hapo ndipo mfumo mzima ulipojionyesha.

Napoleon mwenyewe kumlinda haikuwa kazi ngumu. Walinzi waliizunguka Longwood, nyumba aliyowekwa kisiwani, usiku wakisogea karibu na nyumba, na afisa wa zamu alitakiwa kumwona kwa macho mara mbili kwa siku. Lakini nyama, mvinyo, kuni na nguo za dobi lazima ziingie na kutoka, na kila anayebeba kapu anaweza kubeba karatasi.

Kwa hiyo chora jedwali la safu tatu: jina, kazi, sababu ya kutoka nje. Marchand, mtumishi wa chumbani, alikuwa daima karibu na bwana wake. Cipriani, msimamizi wa nyumba, alishuka Jamestown, mji wa kisiwa, kununua mahitaji, na alikuwa masikio ya Napoleon mjini mpaka alipofariki Februari 1818. Usiwaache nje Wachina wa jikoni na bustanini, wala watu wa kisiwani walioajiriwa humo. Wengi huwaruka kwa sababu hawakuandika kumbukumbu. Safu ya tatu ikijaa, utajua gavana alimhofia nani na kwa nini.

Kisa cha James Scott ndicho kinachofundisha kuliko vyote. Alikuwa kijana wa hapohapo kisiwani, mtumishi wa Las Cases, mmoja wa wafuasi wa Napoleon pale Longwood. Lowe akamwondoa Longwood. Novemba 1816 akarudi usiku kwa siri, akasema anapata bwana mpya wa kumpeleka Uingereza, kama kuna barua atazibeba. Las Cases akaandika kwenye hariri badala ya karatasi, kwa kuwa hariri haitoi mchakacho nguo ikipapaswa. Barua moja ilikuwa ya kwenda kwa Lucien Bonaparte, ndugu wa Napoleon, nyingine kwa Lady Clavering wa London. Zikashonewa ndani ya nguo za Scott. Kijana akamweleza baba yake, habari ikafika kwa gavana, na tarehe 25 Novemba Las Cases akakamatwa, karatasi zake zote zikachukuliwa. Mwisho wa Desemba alikuwa safarini kwenda Rasi ya Tumaini Jema. Wapo wanaosema Scott alitumwa kama mtego. Mimi naona hofu ya baba inatosha kueleza yote: adhabu ya kupitisha barua kwa siri ilishatangazwa, na familia ile ilikuwa na makazi yake palepale.

Linganisha na Santini, mtumishi mwingine wa Longwood. Oktoba mwaka huohuo Lowe aliamriwa kupunguza gharama na watu, wanne wakaondolewa, Santini akiwa mmojawao. Alifika London na malalamiko ya Longwood, na 1817 yakachapishwa. Aliyefukuzwa rasmi alipitisha kile ambacho aliyejificha alishindwa kukipitisha. Ukisoma majalada, wafuatilie sana watu wanaoondoka kwa kibali.

Majalada ya Lowe yako Maktaba ya Uingereza, zaidi ya 100. Usianze la kwanza ukaenda mpaka la mwisho; nenda na tarehe ya tukio, kisha fungua ripoti ya afisa wa zamu ya siku hiyohiyo. Za Kapteni Nicholls ni nzuri mno, maana yeye alizunguka madirishani saa nyingi akitafuta hata kuiona kofia tu. Shajara ya Gorrequer, msaidizi wa Lowe, inataka ufunguo: watu wameandikwa kwa majina ya utani, na gavana mwenyewe ni “Mach”. Na kumbukumbu za Marchand, zilizochapishwa miaka ya 1950, zisome mwisho, ukiwa na jedwali lako mkononi.