Pamba ile ile, msokoto mwingine

Wageni wakifika Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kisiwani Lamu, hupiga picha mataruma, yaani mbavu za jahazi, na mafundi na tezo zao. Mimi huwaambia watazame uzi. Mbao zimeshikwa na misumari, sawa, lakini kinachozuia maji ni pamba iliyosokotwa, ikaroweshwa mafuta ya nazi, ikashindiliwa baina ya ubao na ubao kwa patasi na nyundo. Hiyo ndiyo kalafati.

Ami yangu ni fundi huko, na kwenye kalafati hataki kusikia nailoni. Si ukaidi wa uzee. Kamba za nailoni zimejaa vyomboni, henza, demani, hata ya nanga, naye hana neno. Ila nailoni ukiitia kwenye mwanya hukaa vile vile ulivyoitia. Pamba ikipata maji hufura, ubao nao hufura, vikabanana. Ndiyo maana mashua iliyokaa sana pwani ikishushwa huvuja mwanzo, asiyejua akatishika, kisha mbao zikajifunga zenyewe.

Kusokota ni kazi ya paja na kiganja. Nyuzi mbili husokotwa upande mmoja, kisha pamoja upande wa pili. Kila moja ikitaka kujifungua yamkaza mwenziwe. Kamba ya makumbi ya nazi ni hivyo hivyo, ila kwanza makumbi hufukiwa topeni miezi mpaka yaoze, yapondwe, zibaki nyuzi tupu. Kwa kamba hizo wazee wa visiwa hivi walishona mtepe, chombo cha kale, mbao kwa mbao, bila msumari wa chuma, na tanga lake mkeka. Mfano wake mdogo uko makumbusho ya Lamu. Inama uzitazame zile shono.

Mimi nashona kofia, na uzi wangu ni wa pamba vilevile. Lakini wangu lazima uwe umekazwa sana, la sivyo kofia ikifuliwa na kutiwa wanga mara mbili tatu, vitundu vyaota manyoya. Wa ami huachwa legelege, ili unywe mafuta na ukubali kupondeka.

Nilimpelekea mabaki yangu ya nyuzi, nikidhani namsaidia gharama. Akaubana mmoja kwa kucha, akanirudishia. "Huu mgumu, mwanangu. Hauna pa kunywea."

Mabaki sasa yanakwenda kwa wavuvi, wanafungia chambo.