Simu yangu hulala kwa kijana wa chaji

Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya 22 Mei 2021. Lava ilikuja ikasimama pembeni mwa mji wetu wa Goma, Kongo, si mbali na uwanja wa ndege. Mimi sikusimama. Niliendelea kukimbia wiki nyingi, nikiwa nimekaa, simu mkononi.

Amri ya kuhama ilipotoka tarehe 27, tulikimbilia Sake na magodoro kichwani. Huko ndiko ujumbe wa Ziwa Nyos ulinikuta. Kisa chenyewe ni cha kweli: mwaka 1986, kule Kameruni, gesi ilitoka ziwani ikaua watu wapatao 1,700. Na Ziwa Kivu letu kweli lina gesi chini. Lakini mtu alikuwa ameongeza: "Usiku huu saa nane." Kila usiku ulikuwa "usiku huu". Ardhi ikitikisika kidogo naandika kwenye kundi, "Mmesikia?" Watu arobaini wanajibu, kila mmoja na chumvi yake.

Tuliporudi Goma mwezi wa sita matetemeko yalikuwa yamepungua, ila mimi nilikuwa nasikia kitanda kikitikisika hata kama kimetulia. Saa tisa usiku niko macho, natafuta habari mbaya, nisipoipata nahisi nimefichwa kitu. Watoto nilikuwa nawafokea bure. Yaya wangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, akaniambia, "Mlima umelala, wewe ndiye bado."

Kufuta WhatsApp nilijaribu mara mbili. Haikufika saa sita mchana, maana habari za familia na za pesa zinapita humo humo. Kilichonisaidia ni kijana anayechajisha simu za watu barabarani kwetu. Nikawa namwachia yangu jioni, naichukua asubuhi. Siku za kwanza mkono wangu ulikuwa unapapasa chini ya mto kama wa kipofu. Wiki ya tatu nililala hadi jogoo. Habari za volkano nikabaki nazisikiliza redioni, zile tu zinazotoka kwa wataalamu wanaoipima. Mama mdogo aliye Ubelgiji alininunia mwezi mzima eti namdharau, sauti zake za dakika saba sizijibu usiku. Alinizoea.

Januari 2025, vita vilipoingia mjini, simu ilirudi chini ya mto. Siwezi kudanganya. Nani angelala bila kujua ndugu zake wako wapi? Ilikaa huko hadi Pasaka. Nilipomrudia yule kijana hakuniuliza kitu, alinyoosha mkono tu, akanipa kibao changu cha kuchukulia simu, kile kile, namba 14.