Jina Alilotaka Liandikwe

Juzi binti wa kaka yangu, anayesomea uanahabari, alipekua majarida yangu ya zamani, akaniuliza kwa nini yule mama wa Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria huko Kisumu, alipewa jina la kubuni katika makala yangu.

Nilikuwa nimetumwa Kisumu kuandika kuhusu jaboya, ule mpango ambao mchuuzi wa samaki humkubali mvuvi kimapenzi ili apate kuuziwa samaki. Magazeti ya kila siku yalikuwa yameligusia jambo hilo juu juu; faida ya jarida la kila mwezi ni kwamba liliniruhusu kurudi ufuoni mara kwa mara hadi wanawake wakanizoea.

Omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi iking'aa mwanga wa karabai hauwavuti vizuri. Alfajiri ile mashua zilikuwa zimeshatia nanga, na mama huyo alikuwa akianika omena juu ya nyavu kuukuu, nami nimechutama kando yake nikimsaidia kuwatandaza, kinasa sauti kikiwa juu ya beseni lililofunikwa. Alinieleza jinsi mvua ya siku moja inavyoweza kuozesha mtaji wote, na jinsi mwanamke anayekataa anavyoambiwa kwamba samaki wameshanunuliwa. Kisha akauliza, "Mwanangu, jina langu umeliandika?" Nikamjibu kwamba tungeweza kulificha. Aliacha kuanika, akafuta mikono kwenye leso. "Wavuvi wananijua. Wenzangu wananijua. Sasa utanificha kwa nani? Ukiweka jina lingine, watasema ni hadithi ya kutungwa." Akachukua kalamu yangu na, polepole, kwa herufi kubwa alizojifunza katika darasa la ngumbaru, akaandika majina yake yote matatu kwenye daftari langu.

Mhariri aliyafuta. Hoja yake haikuwa nyepesi: mama huyo alikuwa na watoto shuleni, na jarida husomwa mbali kuliko ufuo wa Dunga. Nilibishana naye, nikashindwa. Nilipompelekea mama nakala na kumsomea, alisikiliza hadi mwisho, akasema maneno ni yake ila aliyeyasema hamjui.

Tangu hapo nimewatetea wengi waliotaka majina yao yachapishwe, na naamini mtu aliyejitokeza mwenyewe ana haki ya kutambuliwa. Hata hivyo, hapa pia sijamtaja. Yeye ametutoka, watoto wake ni watu wazima, na bado sijapata ujasiri wa kuwauliza.