Chupa ya Marashi ya Bibi

Mwaka 1998, mwanzoni mwa Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi, nyumbani kwetu Wete, Pemba, palikuwa na shughuli mbili kwa mpigo: maulidi ya bibi, ambayo hayakosi mwaka, na shimo la karo. Karo la zamani lilikuwa limejaa, na wageni wa maulidi wasingeweza kungojewa. Ami, mdogo wake baba, akashika sururu. Mimi, niliyekuwa na miaka 16 na shule zimefungwa, nikapewa ndoo na kamba.

Tulipofika kina cha kifua, udongo ukageuka. Ule mwekundu ukaisha, ukaja mweusi, laini, wenye majivu na makome. Ami akaiweka sururu, akapiga magoti, akaanza kukwangua kwa vidole.

"Jaa hili," akasema. "Taratibu sasa. Usitie chuma."

Alijua alichokuwa akikisema. Mwaka 1984 alikuwa kibarua kwenye uchimbaji wa mambo ya kale wa Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya maji kutoka kwetu Wete, mwaka ule zilipofukuliwa zile sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Kazi yake ilikuwa kubeba karai na kuchekecha mchanga, lakini masikio yake hayakuwa karaini. Alisikiliza kila kilichosemwa juu ya kigae, shanga na kioo, na alivihifadhi vyote kichwani kama mtu aliyehifadhi juzuu.

Cha kwanza kutoka kilikuwa chupa ya pembe nne, nyeusi ukiitazama kivulini, kijani ya zeituni ukiiinua juani, pana mabegani na nyembamba kitakoni. Shangazi alipoiona alirudi nyuma hatua mbili. Chupa iliyofukiwa ardhini haishikwi ovyo, alisema, hujui imefungiwa nini. Ami akamtuliza. Kiwanja kile babu alikinunua kwa karani Mgoa wa forodha, na hiyo ilikuwa chupa ya pombe ya Waholanzi. Ilifanywa ya pembe nne ili zikipangwa kwenye sanduku zisiache nafasi, na ilipunguzwa chini ili ichomoke kwa wepesi kwenye kalibu yake, yaani chombo kilichoipa umbo.

Ya pili ilinifurahisha zaidi: chupa nene ya soda iliyobanwa shingoni, na ndani ya shingo, gololi ya kioo ikigonga huku na huku. Nilidhani mtoto aliitumbukiza. Kumbe gololi ndiyo kizibo chenyewe. Gesi ya soda huisukuma juu ikabana kwenye pete ya mpira mdomoni, na ukitaka kunywa unaisukuma chini kwa kidole. Aliyeibuni ni Mwingereza, Hiram Codd, miaka ya mwanzo ya 1870. Watoto wa nchi nyingi wamezivunja chupa hizo kwa ajili ya gololi tu, ndiyo maana nzima ni adimu. Hiyo yetu ilikuwa nzima.

Lakini somo lenyewe nilipewa kwa kichupa cha dawa kisichozidi kidole changu cha kati. Ami alikisugua kwenye shuka yake, akanishika mkono, akaipitisha kucha yangu ubavuni mwa kioo kutoka chini kwenda juu.

"Unasikia nini?"

Nilisikia mstari mwembamba, kama uzi ulionaswa chini ya rangi. Ukapanda ubavu, ukapita bega, ukaingia shingoni, kisha, kama nusu kidole kabla ya mdomo, ukapotea.

"Huo mshono wa kalibu," akasema. "Na hapo ulipopotea ndipo mkono wa mtu ulipoingia."

Akanieleza. Fundi alipuliza kioo cha moto ndani ya kalibu ya vipande viwili, na pale vipande vinapokutana ndipo mshono unapobaki. Kisha alikikata kioo kwenye bomba lake la kupulizia na kuutengeneza mdomo kwa mkono, na kule kuuzungusha mdomo ndiko kulikoufuta mshono. Mashine haifanyi hivyo. Mashine huutoa mdomo na mwili vyote kalibuni, basi mshono hupanda hadi juu na kuuvuka mdomo. Mashine ya kwanza ya kufanya kazi hiyo yote peke yake ni ya Michael Owens wa Toledo, Marekani, mwaka 1903. Chupa za mkono hazikukoma mwaka huo, ziliendelea miaka mingi baadaye. Kwa hiyo mshono unaokomea shingoni hauapi kwamba chupa ni ya kale sana, ila mshono uliovuka mdomo husema bila kuuma maneno: mimi sikuwapo kabla ya mashine.

Halafu akakigeuza kichupa kitakoni, kikawa laini. Chupa za zamani zaidi, akasema, zina kovu hapo. Fundi aliishika chupa kwa fimbo ya chuma iliyogandishwa kitakoni wakati akiutengeneza mdomo, na fimbo ilipobanduliwa iliacha kioo kilichochongoka, kinachokwaruza kidole. Baada ya miaka ya 1860 makovu hayo yakaanza kuadimika kwenye chupa za kawaida, kwa sababu mafundi walipata koleo la kuikamata chupa bila kuigandisha. Ila nisilichanganye na duara jembamba ambalo mashine ya Owens huliacha kitakoni, mara nyingi likiwa limekwenda upande. Hilo ni alama ya mkato wa mashine, halikwaruzi.

Usiku ule sikulala vizuri. Kila nilipofumba macho kucha yangu ilipanda mshono.

Asubuhi yake wanawake walijaa uani wakisugua masinia na kuung'arisha mrashi wa bibi, kile chombo cha kunyunyizia marashi. Bibi alikaa kwenye kibao na chupa yake ya marashi mapajani. Hiyo tuliijua sote. Ilikuwa ya kijani kiza, fupi, nene, na marashi ya mawaridi hayakuwekwa pengine ila humo kabla ya kumiminwa kwenye mrashi. Kila maulidi bibi aliwasimulia wageni kwamba ilikuwa ya bibi yake, iliyokuja naye kutoka Unguja zama za Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar.

Nikaomba niishike. Akanipa. Nikapitisha kucha. Mshono ukapanda bega, ukapanda shingo, ukauvuka mdomo. Nikaigeuza kitakoni: duara jembamba, laini, limekwenda upande.

Nikasema kwa sauti, mbele ya watu wote, tena kwa furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu: "Bibi, hii si ya wakati wa Seyyid Barghash. Seyyid Barghash kafa 1888. Hii ni ya mashine, na mashine imekuja 1903!"

Visugulio vikasimama. Shangazi alinitazama kwa jicho ambalo mpaka leo nalikumbuka. Bibi aliichukua chupa yake mkononi mwangu, akaifunika kwa kipande cha kitambaa, akasema, "Haya," akaendelea na kazi yake. Nilikuwa sahihi, na nilitamani shimo la karo linimeze.

Baada ya isha aliniita chumbani. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Kweli uliyosema, mjukuu wangu. Hii ni ya pili. Ya kwanza niliivunja mie."

Alikuwa na miaka tisa. Alitumwa dukani kwa Mhindi kununua marashi, mvua ikanyesha, na kwenye mteremko wa bandarini, udongo mwekundu ukiwa umelowa, akateleza. Alilia mpaka mwenye duka akamhurumia, akamtolea rafuni chupa inayofanana, akamtilia marashi. Akarudi nayo nyumbani. Bibi yake wakati huo macho yalikuwa yamekwisha. Aliipokea ile chupa, akaipapasa, akaigeuza, akaweka dole gumba chini yake, akakaa hivyo kwa muda.

"Kwa nini chini?" nikauliza.

"Ile yake kitakoni ilikuwa na kidonda. Kinakwaruza. Mie mwenyewe kilishanichana nilipokuwa nikiiosha. Yeye alikuwa na ada ya kukipapasa akizungumza, kama mtu na tasbihi."

Nikamwomba anieleze kilivyokuwa. Akanishika mkono, akakibonyeza kiganja changu katikati kwa ncha ya ukucha, akazungusha. Kina shimo kidogo, akasema, na pembeni kimechongoka, si sawasawa. Mwanamke ambaye hajapata kusikia habari za fimbo ya fundi wala makovu alikuwa ananieleza kovu la fimbo vizuri kuliko alivyonieleza ami. Basi ile ya kwanza ilikuwa ya kale kweli. Hata ilipovuka kutoka Unguja, ilikuwa imeshakuwa kongwe. Hadithi aliyoisimulia bibi miaka yote ile ilikuwa ya kweli, ila chupa aliyoishika wakati wa kuisimulia ndiyo siyo.

"Alisema nini alipopapasa?"

"Hakusema. Aliirudisha mkononi mwangu, akaniambia nikaiweke mahali pake. Na hakupapasa tena."

Sikupata la kumjibu. Tukakaa mpaka taa ikaanza kupungua mafuta.

Siku ya maulidi wageni walipoketi, bibi aliichukua chupa ya kijani akamimina kwenye mrashi kama kawaida, na mwanamke mmoja wa Gando akamuuliza ni ya nani. Bibi alinitazama mimi kwanza. "Hii ya dukani," akasema, "imekaa mahali pa chupa ya bibi yangu." Akamnyunyizia marashi viganjani.

Ule mteremko wa bandarini huliwa na maji kila masika, na kila ukiliwa hutoa vioo. Nimeokota shingo za soda, mabega ya chupa za dawa, hata kipande cheupe kilichogeuka zambarau hafifu, kwa kuwa kioo kilichotiwa madini ya manganizi hubadilika hivyo kikikaa juani miaka mingi. Vya kijani kiza nimepata vingi. Kila kimoja hukigeuza kwanza, nikaweka dole gumba.