Mama wa Mjakaranda

Mjomba alikuwa akichonga Wamasai. Karibu Wakamba wote pale Gikomba, Nairobi, walichonga Wamasai, warefu, wembamba, mkuki mkononi, maana hao ndio watalii waliowataka. Mmasai wa kumchonga Mkamba sikumwona hata mmoja.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, nikapewa kazi ya msasa. Unaanza na ule mkali, unamalizia na laini, kisha nta. Siku nzima vumbi puani. Muhugu, wenye harufu nzuri, ulikuwa umeadimika, na mpingo ulikuwa ghali, kwa hiyo wengi walikuwa wamehamia mjakaranda. Asili ya mti huo ni Amerika Kusini. Uliletwa enzi za mkoloni, na kila Oktoba ukichanua zambarau, watu wa Nairobi tunajisifu nao. Lakini mbao yake ni nyeupe, na ikichongwa mbichi hupasuka. Wajanja waliipaka dawa nyeusi ya viatu, wakaiuza kama mpingo.

Siku moja mjomba alichukua gogo la mjakaranda akachonga mama. Sanduku la bati kichwani, mtoto mgongoni, kiatu kimoja mkononi. Tezo ilipogonga fundo la mti pale tumboni, hakulikwepa. Alilizungukia pole pole kwa patasi mpaka likakaa kama kitovu. Chini ya miguu aliacha gome.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Mama yako, siku aliyoshuka hapa Nairobi, kituo cha Machakos Country Bus. Ukanda wa kiatu ulikuwa umemkatikia."

"Na wa mgongoni?"

"Sasa ni nani mwingine?"

Wenzake wakaangua kicheko. Walinijua. Kila mara niliwaringia kwamba mimi ni mtoto wa Nairobi wa kuzaliwa, na cheti kilichosema Machakos nilikuwa nimekificha chini ya godoro.

Mchana akaja dalali, akamgeuzageuza yule mama.

"Mzee, mpake nyeusi. Nitakupa bei ya mpingo."

"Huyo ni mjakaranda."

"Mzungu atajuaje?"

Mjomba akaweka tezo chini. "Kazi hii yenyewe mzee Mutisya Munge aliitoa Tanganyika, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Akaileta Wamunyu, kwetu Ukambani, sisi tukaileta hapa. Hatujawahi kuficha. Mti nao umetoka mbali zaidi, nao uufichie nini?"

Dalali akachukua Wamasai wake akaenda zake. Ukweli ni kwamba pesa ile tuliihitaji, na mimi kimoyomoyo nilikuwa upande wa dalali.

Jioni nikamsimulia mama. Alicheka mpaka akakaa, kisha akataka kujua kiatu kilichochongwa ni cha mguu gani.

"Wa kushoto."

"Amekosea," akasema. "Na lile sanduku halikuwa langu. Lilikuwa lake yeye, na mpaka leo ananidai."